Namna ya Kuchora Usiku wa Theluji Kijijini Nyuma ya Kioo, kwa Mtindo wa Hlebine

Hlebine ni kijiji cha wakulima kilichoko katika eneo la Podravina, kwenye bonde la mto Drava kaskazini mwa Kroatia, si mbali na mji wa Koprivnica na mpaka wa Hungaria. Tangu miaka ya 1930 wakulima wa huko wamejulikana kwa picha wanazochora kwa rangi za mafuta nyuma ya kioo cha kawaida cha dirisha. Miongoni mwa picha hizo zimo za usiku wa majira ya baridi ambazo, kwa maoni yangu, hazina mfano katika sanaa ya vijijini barani Ulaya: anga lililokolea buluu, mierebi iliyopukutika majani, mapaa ya mabua yaliyoelemewa na theluji, na dirisha moja lenye mwanga wa taa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchora picha ya aina hiyo, kuanzia kioo kitupu hadi fremu.

Jambo la kuelewa kabla ya mengine ni kwamba picha hizi huchorwa upande mmoja wa kioo na kutazamwa kutoka upande wa pili. Rangi inayotangulia kugusa kioo ndiyo itakayoonekana mbele ya zote, na kila inayofuata itajificha nyuma yake. Kwa hiyo mchoraji huanza na vitu vilivyo karibu kabisa na mtazamaji, tena kwa vijisehemu vyake vidogo kuliko vyote, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka afike kwenye anga, ambalo hupakwa mwisho. Wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam hutanguliza rangi ya mandharinyuma kwenye hadibodi, ndipo wakachora wanyama juu yake. Aliyezoea njia hiyo atalazimika kuugeuza mpangilio wake wote. Ugumu wa kazi hii hauko mkononi, uko katika kupanga. Kosa lililofanywa mwanzoni halifunikwi na rangi ya baadaye, kwa sababu ndilo lililo mbele.

Namna hii ya kuchora ilikuwako vijijini kabla ya wachoraji wa Hlebine. Wachuuzi walipita Ulaya ya Kati wakiuza picha ndogo za watakatifu zilizochorwa nyuma ya kioo, na familia za wakulima zilizitundika ukutani mwa nyumba zao. Kilichobadilika ni kilichochorwa. Mwaka 1930 Krsto Hegedušić, msanii aliyesomea Zagreb na Paris na aliyeishi Hlebine kwa sehemu ya utoto wake, alikutana na vijana wawili wa kijiji hicho, Ivan Generalić na Franjo Mraz, akawatia moyo wachore wanachokijua: mashamba, mifugo, umaskini na kazi. Mwaka 1931 kazi zao zilionyeshwa Zagreb pamoja na za kundi la wasanii lililoitwa Zemlja, na Generalić alikuwa bado hajatimiza miaka 17. Baadaye walitokea wengine wa eneo hilo, wakiwamo Ivan Večenaj, Mijo Kovačić na Ivan Lacković Croata, ambaye mandhari zake za majira ya baridi, zenye miti myembamba isiyo na jani hata moja, ni shule tosha kwa anayetaka kujifunza mada hii. Hegedušić alivutiwa mno na picha za Pieter Bruegel, mchoraji wa Flandria wa karne ya 16, na uhusiano huo unaonekana hata leo: watu weusi juu ya theluji nyeupe, na matawi matupu mbele ya anga. Galeri ya Hlebine ilifunguliwa mwaka 1968, na jumba la makumbusho la sanaa hiyo jijini Zagreb lina asili yake katika galeri iliyoanzishwa mwaka 1952. Mwenye nafasi ya kufika huko asikose, kwa kuwa picha ya kioo ina mng'ao na kina ambacho picha iliyochapwa haiwezi kukionyesha.

Kuchagua kitakachochorwa

Usiku wa majira ya baridi huko Podravina una vitu vyake, na picha itakuwa na nguvu kadiri vitu hivyo vinavyokuwa vya mahali pale hasa. Kuna mierebi ya kandokando ya vijito, ambayo hukatwa vichwa ili itoe fito changa, kwa hiyo ina shina nene fupi na vitawi vingi vinavyosimama juu yake. Kuna visima vyenye mti mrefu wa kunyanyulia ndoo, mabua ya mahindi yaliyosimamishwa pamoja shambani, ua wa fito, bata bukini, kunguru, na mnara wa kanisa kwa mbali. Kazi za shamba zikiwa zimesimama, wanawake walikuwa wakikusanyika jioni katika nyumba moja kuchambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito, na ndiyo maana dirisha moja la kijiji linaweza kuwa na mwanga wakati mengine yote yako gizani. Usiku wa Krismasi watu walitembea na kandili kwenda misa ya usiku wa manane.

Chagua tukio moja kati ya hayo, na ulipe sababu ya kuwapo. Kwa picha ya kwanza napendekeza nyumba moja yenye dirisha linalowaka, mwerebi mmoja mkubwa mbele yake, na wanawake wawili au watatu wanaotoka humo kwa mguu, mmoja wao akiwa na kandili mkononi. Amua pia hali ya hewa, kwa sababu mambo mawili hayapatani: mbalamwezi yenye nyota inahitaji anga safi, ilhali theluji inayoanguka inahitaji mawingu. Wapo wanaoviweka vyote pamoja, na picha hupoteza ukweli wake hata kwa mtu asiyeweza kusema kasoro iko wapi.

Mtu ambaye hajaishi kwenye theluji anapaswa kujua namna inavyotua. Theluji hukaa juu ya kila kitu kilicholala, hata kiwe chembamba kama ufito wa ua: hukaa juu ya vitawi, juu ya vichwa vya nguzo, kwenye ukingo wa kisima na kwenye kizingiti cha dirisha. Kwenye paa hujilimbikiza hadi ukingo wake ukawa mnene na wa mviringo, lakini karibu na bomba la moshi huyeyuka na kuacha mabua wazi. Kwenye shina la mti hushika upande mmoja tu, ule uliopigwa na upepo, na upande huo lazima uwe uleule kwa miti yote ya picha. Njia iliyokanyagwa huwa chini kuliko theluji ya pembeni, na nyayo huwa na kivuli cha buluu ndani yake.

La muhimu kuliko yote hayo ni mwanga. Usiku wenye theluji si mweusi, kwa kuwa theluji hurudisha mwanga wowote unaoifikia, uwe wa mwezi, wa nyota au wa dirisha. Ardhi huwa angavu kuliko anga, kinyume cha mchana wa kawaida, na watu, miti na ua huonekana kama maumbo meusi juu ya weupe. Mchoraji akilizingatia hilo, picha itakuwa ya usiku hata kabla hajapaka anga. Akilipuuza, hakuna kiasi cha rangi nyeusi kitakachomwokoa.

Vifaa

Nunua kwa fundi vioo kipande cha kioo cha dirisha cha sentimita 30 kwa 40, chenye unene wa milimita 2 au 3, na umwombe akulainishie kingo. Akikataa, zisugue mwenyewe kwa msasa uliolowanishwa maji. Osha kioo kwa maji na sabuni, kikaushe, kisha kipanguse kwa spiriti. Tangu hapo usikiguse usoni kwa vidole, kwa sababu rangi haishiki mahali penye mafuta ya ngozi.

Utahitaji rangi za mafuta za wasanii: nyeupe, buluu mbili (moja ya kukolea sana, kama buluu ya Prussia, na nyingine nyangavu), kahawia iliyokolea, njano ya udongo, njano kali na nyekundu. Nyeusi ya tyubu siipendekezi kabisa, kwa kuwa huonekana kama tundu kwenye kioo. Changanya buluu ya Prussia na kahawia, upate weusi wenye uhai. Rangi ya mafuta ya kupakia milango nayo hushika vizuri kwenye kioo na hukauka usiku mmoja, ingawa rangi zake ni chache. Akriliki hukauka upesi zaidi, lakini hubanduka kioo kisipokuwa safi kabisa. Ongeza brashi nyembamba namba 0 na namba 1, brashi bapa moja, kipande cha sponji, tapentaini, mafuta kidogo ya kitani, wembe, vitambaa, na kioo cha kujitazamia.

Rangi iwe na uzito wa uji mwepesi. Ikizidiwa na tapentaini itatambaa juu ya kioo na kukosa nguvu ya kushika, na ikiwa nzito mno itakauka juu huku ndani ikiwa mbichi, halafu ipasuke.

Mchoro wa kwanza

Chora picha yote kwa penseli kwenye karatasi yenye ukubwa wa kioo, kisha ikaze mistari kwa wino ili ionekane vizuri. Kumbuka kwamba itakapotazamwa kutoka mbele kila kitu kitakuwa kimegeuka: mwezi uliouchora kulia utakuwa kushoto. Ukitaka mpangilio ubaki kama ulivyo, bandika karatasi hiyo dirishani mchana na uinakili mistari yake upande wa nyuma, kisha tumia upande huo. Weka karatasi chini ya kioo, uishikize kwa utepe wa gundi, na kazi ianze.

Kabla ya brashi, andika pembeni mwa karatasi nyingine orodha ya tabaka kwa mpangilio wake. Wachoraji wenye uzoefu hubeba mpangilio huo kichwani, lakini anayeanza bila orodha ataruka kitu, na kitu kilichorukwa kwenye kioo hakirudishwi kwa urahisi.

Kutoka kitawi hadi anga

Sahihi yako hutangulia, tena huandikwa kinyume. Baada yake, ikiwa picha ni ya theluji inayoanguka, weka madoa machache makubwa ya theluji iliyo karibu, yasiyolingana kwa ukubwa na yasiyojipanga kwa mistari. Madoa ya ukubwa wa kati yatawekwa baada ya mwerebi na watu kukamilika, na yale madogo kabisa kabla tu ya anga. Kwa njia hiyo theluji itaanguka mbele ya mti, nyuma ya mti na mbali kijijini, na kina hicho hakipatikani kwa urahisi hivi kwenye turubai.

Sasa ingia kwenye mwerebi, ambao ndio moyo wa picha, na usiuharakishe. Chukua kitawi kimoja. Machoni mwa mtazamaji kitakuwa mstari mwembamba wa rangi iliyokolea wenye utepe wa theluji juu yake. Chovya brashi namba 0 katika nyeupe isiyochanganywa, uvute utepe huo kutoka kwenye ncha kuelekea shinani, ukiukatiza hapa na pale ambapo upepo umeidondosha theluji, maana utepe usiokatika huonekana wa kubandikwa. Uache ukauke kabisa. Kisha vuta mstari wa weusi uliochanganya, mpana kidogo kuliko utepe, ukipita juu ya utepe wenyewe na kujitokeza upande wa chini peke yake. Inua kioo ukitazame kutoka mbele: theluji itakuwa imekaa juu ya kitawi. Mstari ukijitokeza upande wa juu, theluji itaonekana imening'inia chini ya kitu, kwa hiyo futa mara moja kwa ncha ya kitambaa kabla rangi haijashika. Fanya hivyo kwa vitawi vyote, halafu kwa matawi, halafu kwa shina, ambalo litahitaji kwanza mikunjo ya gome, kisha mng'ao wa mbalamwezi ubavuni, kisha rangi yake ya kahawia.

Watu hufuata. Katika picha za Hlebine watu huwa wanene, wazito, wenye mikono mikubwa na viatu vikubwa, na heshima yao imo katika uzito huohuo. Usiwarefushe wala usiwapambe. Anza na nukta au maua ya kitambaa cha kichwani, ndipo kitambaa chenyewe. Anza na macho na kivuli cha pua, ndipo ngozi. Mwali wa kandili hutangulia mwili wa kandili, na mwanga unaoangukia sketi ya mwanamke aliyeishika hutangulia rangi ya sketi.

Dirisha linahitaji mpango wake. Fito za dirisha, zile zinazokatana katikati, hupakwa kwanza kwa rangi iliyokolea. Kama unataka vichwa vya watu waliobaki ndani vionekane, vipake baada ya fito. Zikikauka, paka njano kali pale taa ilipo, uichanganye na nyekundu kidogo kuelekea pembeni, na uache rangi hizo mbili zikutane zikiwa mbichi ili mpaka upotee. Ukuta wa nyumba utakuja baadaye na kuzingira yote hayo. Palepale, kabla ya kugusa theluji ya ardhini, weka pia kipande cha mwanga kinachotoka dirishani na kulala juu ya theluji nje: njano hafifu iliyochanganywa na nyeupe, iliyogongwagongwa kwa sponji kingoni. Watu wengi hukisahau, na bila hicho dirisha huonekana limepakwa rangi tu wala haliangazi.

Ua, kisima na nyumba havina jipya: theluji yao kwanza, kisha miili yao. Kwenye paa usitumie nyeupe tupu mahali pote. Nyeupe isiyochanganywa ibaki kwenye vitawi, kwenye madoa ya theluji inayoanguka na kwenye ukingo wa paa unaotazama mwezi. Kwingine kote ichanganye na buluu na tone la kahawia.

Kwa ardhi, anza na vivuli na nyayo, kwa buluu safi iliyofifishwa kwa nyeupe. Mwezi ukiwa kushoto, vivuli vyote vilale kulia, na vipinde kufuata mabonde na vilima vya theluji. Vikikauka, paka theluji yenyewe juu yake kwa brashi bapa, kisha igonge kwa sponji ili alama za brashi zisionekane kutoka mbele. Ardhi ya mbali iwe ya buluu na kijivu zaidi kuliko ya karibu. Miti ya mbali na mnara wa kanisa ni kazi ya dakika chache, kwa rangi iliyofifia inayokaribia ile ya anga.

Nyota, kama zipo, ni nukta za ncha ya brashi, chache kuliko unavyotamani. Mwezi ni duara la nyeupe yenye njano kidogo. Likikauka, zungushia wigo mwepesi wa nyeupe na buluu kwa sponji iliyokaribia kukauka. Hatimaye paka anga: chini, karibu na upeo, buluu nyepesi yenye kijani kidogo, na juu buluu ya Prussia yenye kahawia. Lipake kwa mkupuo mmoja likiwa bichi lote, likipita juu ya vitawi, juu ya mwezi na juu ya kila kitu. Kwa upande wako wa nyuma kazi yote itaonekana imezama katika buluu, na hilo lisikutishe.

Kukagua, kukausha na kufremu

Usingoje mwisho ndipo utazame mbele. Kiweke kioo juu ya vitabu viwili, na chini yake ulaze kioo cha kujitazamia, ili uuone uso wa mbele wa picha, ingawa umegeuka kulia kwa kushoto, bila kuinua kitu. Karatasi ya mchoro unaweza kuiondoa na kuirudisha. Rangi mbichi hufutika kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, na iliyokauka hukwanguliwa kwa wembe uliolazwa. Hata hivyo, kukwangua huondoa tabaka zote za mahali hapo, nawe utalazimika kuzirudisha zote kwa mpangilio uleule wa mwanzo.

Kati ya tabaka na tabaka rangi za mafuta huhitaji siku kadhaa. Kahawia na buluu ya Prussia hukauka mapema, nyeupe huchelewa. Ukipaka juu ya rangi isiyokauka, brashi itaing'oa ya chini, na mahali hapo kioo kitaonekana kitupu. Kwa sababu hiyo wachoraji wengi hushughulikia vioo viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na nashauri mwanafunzi afanye vivyo hivyo badala ya kuipoteza subira yake kwa picha moja.

Anga likishakauka, kishike kioo mbele ya taa. Penye tundu la mwanga rangi ni nyembamba mno, kwa hiyo ongeza tabaka la pili. Kisha kiache mahali pakavu, uso wenye rangi ukiwa juu, kwa wiki kadhaa kabla ya kukiweka kwenye fremu. Nyuma weka kadibodi nene au hadibodi, na kati yake na rangi acha nafasi ndogo kwa vipande vyembamba vya mbao kwenye kingo za fremu, kwa sababu ubao unaogusa rangi hunata nayo na kuibandua siku unapofunguliwa. Fremu iwe ya mbao na yenye nguvu, kwani kioo kina uzito. Usiitundike picha jikoni, bafuni, juu ya jiko la kupashia nyumba moto, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua, kwa kuwa unyevu na joto linalopanda na kushuka huachanisha rangi na kioo. Uso wa mbele unaweza kusafishwa kama dirisha lolote, ila kilowanishwe kitambaa, kisinyunyiziwe kioo, maji yasije yakapenya kwenye kingo za fremu na kuifikia rangi.